Jenerali na Zamu ya Maji ya Oom Dawid

Jumatatu, 6 Oktoba

Zimebaki siku kumi na mbili. Naandika mapema ili baadaye, nikishakuwa mtu mkubwa, pasiwe na ubishi nilianzaje.

Mambo yako hivi. Jumamosi ya tarehe 18 ni mashindano ya bustani kavu hapa Vaalpoort. Tangu tarehe mosi Septemba kila mshindani alipewa na Mwalimu Esau kijiti cha spekboom, urefu wa kiganja, kimefungwa uzi mwekundu ili mtu asije akakibadilisha. Unakipanda mbele ya nyumba yenu. Maji ya bomba marufuku. Mwenye mche bora ndiye bingwa. Spekboom ni mti wa kwetu, milima yote hii imejaa, vijani vinene vya mviringo, vichachu ukivitafuna. Mbuzi wanaula, kobe wanaula, mimi naula. Watu wanadai haupendi kitu ila jua na kuachwa peke yake. Watu wanadai mengi.

Ouma, yaani bibi yangu aliyenilea, ametoa hukumu mezani. Nikishinda, nusu ya uwanja wa nyuma ni yangu, nifungue kitalu changu cha miche. Nikishindwa, Jumapili ya tarehe 19 napanda pikapu ya mjomba Gert, naenda shambani kwake kulisha mbuni. Kasema nina miaka kumi na saba, na mingi kati ya hiyo nimeitumia kutoa mawazo. Sasa yatosha.

Mimi na mbuni hatuivi. Mwaka juzi mmoja alikula vifungo vya shati langu, na mimi nikiwa ndani ya shati.

Kwa hiyo kushindwa hakupo. Mche wangu nimeupa jina la Jenerali. Alikuja na majani kumi na mawili, sasa anayo kumi na manne. Leo asubuhi nimemng'oa kidogo kutazama mizizi. Ipo, minne. Nimemrudisha. Huwa namkagua hivyo kila siku. Jeshi lisilokaguliwa ni kundi la watu tu.

Jumanne, 7 Oktoba

Upelelezi. Nimepanda ndoo nikachungulia ukutani kwa jirani, Oom Dawid Windvogel (Oom ni kama kusema mjomba, kwa heshima), mstaafu wa reli, bingwa wa miaka mitatu mfululizo. Mwaka huu amemwachia uwanja mjukuu wake, Lizaan, aliyesoma darasa moja na mimi. Yeye alimaliza shule. Mimi niliiacha iendelee.

Mche wa Lizaan una majani arobaini na moja. Nimehesabu mara mbili, nikitumaini ya pili itakuwa na huruma. Na umetoa matawi mawili pembeni.

Lizaan akanikuta. Akauliza, "Elroy, unahesabu majani yetu au unasali?" Nikamwambia namtazama ndege. Akasema kama yupo basi ni tai, anausubiri huo wenu ufe.

Nikaona nimwendee mkubwa mwenyewe. Nikavua kofia. Oom Dawid alikuwa kwenye kiti chake, jani la spekboom shavuni kama kawaida yake. Nikamwomba kwa adabu zote aniambie siri ya ushindi. Akalihamisha jani kwenda shavu la pili. Akasema, "Usimguse, kijana."

Nikasubiri kilichobaki.

"Basi, Oom?"

"Basi."

Mzee mjanja kweli. Hakuna binadamu aliyeshinda miaka mitatu kwa kutofanya kitu. Mimi nimekaa bila kufanya kitu miaka mingi kuliko hiyo na sijawahi kupewa hata cheti.

Jumatano, 8 Oktoba

Jua la leo lilikuwa la kukaangia yai. Nikamwonea huruma Jenerali. Nikachukua mwavuli wa Ouma wa kanisani, ule mweusi mpana, nikamfungia kwa waya. Akapata kivuli cha kifalme. Nikaongeza ndoo ya samadi ya kondoo niliyoivundika tangu Ijumaa, kwa ajili ya nguvu.

Ouma alikwenda kwenye sala ya kina mama bila mwavuli, baada ya kuutafuta nyumba nzima. Akarudi ameiva. Akasimama mbele ya Jenerali. Alilokuwa nalo moyoni akalisema lote. Kwa ufupi: mwavuli umerudi ndani, na mimi na ndoo yangu tumekula chakula cha jioni nje. Mkate wa makaa na jamu ya tini. Nzi walikula sehemu kubwa.

Lakini hapo nje, mkate mkononi, ndipo akili ilipofunguka. Nilimsikia Lizaan ng'ambo ya ukuta akimbembeleza babu yake. Kesho mzee ana miadi kliniki saa nane, kwa ajili ya goti, ameisubiri tangu Juni. Oom Dawid anasema haendi. Alhamisi saa nane ni zamu yake ya maji.

Maji! Siri ni maji. Ndiyo maana hataki kwenda.

Ikumbukwe hapa kwetu maji yanashuka mlimani kwa mfereji, yanapita barabarani mbele ya nyumba, na kila nyumba ina kilango chake cha bati na saa yake. Zamu inarithiwa pamoja na nyumba. Ukiiba kondoo Vaalpoort watu watakuja jela kukuombea. Ukiiba dakika moja ya maji, wajukuu zako watakuja kusimuliwa. Zamu ya Ouma ni Jumapili asubuhi, dakika ishirini. Anasimama pale na saa ya marehemu babu mkononi, na anafunga kilango kabla muda haujaisha kabisa, ili jirani asije akanung'unika. Hachukui hata tone lisilo lake. Oom Dawid ana dakika arobaini.

Nimeisoma tena karatasi ya mashindano. "Maji ya bomba marufuku." Mfereji si bomba. Mwalimu Esau aliniangusha darasa la nne kwa sababu ya kusoma. Sasa na atazame nani anasoma.

Nikazunguka mpaka mlangoni kwao. Nikasema, Oom, nenda kliniki, maji nitakuongozea mimi. Lizaan akaniuliza kama naumwa. Oom Dawid akaniangalia sana, mpaka nikajikuna. Halafu akasema, "Asante, mwanangu. Matikiti ndiyo kwanza yameota. Yape yote."

Nikasema yote, Oom. Neno "yote" halina ukubwa maalumu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya historia.

Saa saba na nusu Lizaan akaondoka na babu yake. Ouma yuko kwa dada yake mpaka saa kumi na moja. Saa nane kamili maji yakafika. Mpango: dakika tano kwetu, thelathini na tano kwa Oom Dawid. Mtu mwingine angechukua kumi. Mimi nina utu.

Nikafunga kilango chake, nikafungua chetu. Maji yakaingia uwanjani yakiimba. Nikasimama kando ya Jenerali kama bwana harusi. Dakika tano zikaisha, nikaenda kufunga.

Bati halikushuka. Nikalisukuma. Nikalikalia. Nikalitukana. Nikachukua nyundo nikaligonga kichwani mara kama ishirini, likajikunja tu, likakwama zaidi. Lilishuka lenyewe saa nane na dakika arobaini, maji yalipokwisha.

Jenerali alikuwa ndani ya maji mpaka shingoni, mtulivu, kama mtu anayebatizwa. Ziwa lilifika ngazi ya kwanza. Nimeona panzi akiogelea.

Baada ya hapo ilikuwa kazi. Nimelisukuma tope kwa ufagio mpaka jua likanisaidia kulikausha, halafu nikafagia uwanja wote upya kwa mistari iliyonyooka. Safi kabisa. Matikiti ya Oom Dawid nimeyapelekea vikombe vinne vya chai, vya maji. Yako mashimo thelathini. Nimeyapa yale ya mbele.

Ijumaa, 10 Oktoba

Jenerali amenenepa! Majani yamevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Ningekuwa na kamera ningempiga picha akiwa peke yake, halafu mimi na yeye.

Ouma ameuliza nani kafagia uwanja. Nikasema mimi, kwa mapenzi. Akasema yeye hufagia kwa mtindo wa mifupa ya samaki tangu aolewe, na hii mistari ni ya gereza. Akakaa akiitazama.

Oom Dawid alikuwa bustanini kwake tangu asubuhi, amesimama juu ya matikiti. Hakuniita. Nikamsalimia kupitia ukutani nikamuuliza goti. Akasema goti ni zima. Matikiti hakuyataja. Nikachukulia kwamba yuko sawa.

Jumapili, 12 Oktoba

Siku mbaya kidogo.

Asubuhi Ouma akaenda kupokea zamu yake, saa ya babu mkononi, mimi nyuma na koleo. Akainama kufungua kilango. Akaliona bati: limekunjwa, lina alama za nyundo. Akaligusa kwa kidole. Akageuka akautazama uwanja, kisha ukuta wa Oom Dawid, kisha mimi. Sijawahi kuona mtu akisoma haraka namna ile.

Alipita kilango chetu akaenda akafungua cha Oom Dawid. Maji yake yote yakageukia kule. Halafu akanishika mkono juu ya kiwiko tukaenda mlangoni, yeye na kofia yake ya kanisani.

Akasema, "Dawid, mtoto wangu amekuibia maji."

Oom Dawid akasema, "Najua, Katryn."

"Hizi dakika ishirini ni zako. Na za Jumapili ijayo."

"Na maboga yako? Na ule mtini?"

"Maboga yangu yatajijua."

Wakasimama wote wawili wakisikiliza maji yanavyokwenda. Ouma alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Miaka hamsini na minane amekaa nyumba yetu na hajawahi kuchukua hata sekunde ya mtu. Nikaambiwa niombe radhi. Nikaomba. Sauti ilitoka ndogo. Nadhani ni vumbi.

Oom Dawid akaniuliza, "Na huyo Jenerali wako, alikunywa?"

Nikasema alikunywa sana, Oom.

Akasema, "Maskini."

Wivu.

Jumanne, 14 Oktoba

Majani kumi na moja. Matatu yameanguka, ya njano. La nne lilianguka nikilitazama tu, kwa hiyo ni kumi. Sikuligusa, Mungu shahidi.

Nimekaa nikatafakari nikapata jibu. Anabadilisha sare. Askari hawezi kuvaa mpya kabla hajavua ya zamani.

Lizaan aliegemea ukuta akitafuna jani. Akasema, "Elroy, jenerali wako anavua kombati hadharani. Mfunike, kuna watoto." Nikamjibu kwamba wapo watu wanaocheka Jumanne wakalia Jumamosi. Akasema ndiyo, na baadhi yao Jumapili wanapanda pikapu.

Ana mdomo yule.

Alhamisi, 16 Oktoba

Majani matano. Nimemng'oa kwa ukaguzi akaja bila kuvutwa. Mizizi hakuna. Shina chini limekuwa laini, rangi ya ndizi iliyosahaulika mfukoni.

Nikakaa chini kwenye tope lililokauka. Nikauona uwanja wa nyuma, miche yangu yote iliyojipanga kwa mistari, ukiondoka taratibu. Nikawaona mbuni wakija kuchukua nafasi yake, wakitazama vifungo.

Nikasimama. Elroy Kammies hafi kwa shina.

Juu Jenerali bado mzima. Nimekata kipande cha vidole viwili, kina yale majani matano. Spekboom huota hata kwenye kipande, kila mtu anajua: unakiacha kikauke siku kadhaa, unakichomeka, unasubiri. Mimi kusubiri sina nafasi nako. Nimekichomeka papo hapo. Uzi mwekundu nimeuhamishia kwake. Ni yule yule, amepungua tu.

Halafu ikaja fikra ya karne. Nimepanda mlimani. Kule spekboom ni kama nywele za mlima. Nimechuma majani manene thelathini na saba. Nimerudi, nimechukua kopo la pini za Ouma za kushonea, na kuanzia saa tisa mpaka jua linazama nimeyabandika, moja moja, ulimi nje. Hesabu: arobaini na mawili. Lizaan alikuwa na arobaini na moja.

Nimejichoma mara kumi na tisa. Ushindi una gharama zake.

Ijumaa, 17 Oktoba

Upepo. Nimelala kifudifudi kando ya Jenerali tangu asubuhi nikimkinga. Ouma akapita na ufagio wake, akafagia mifupa ya samaki kunizunguka, akaacha umbo langu katikati. Nikamwambia, Ouma, kesho utajivunia. Akasema angependa sana. Alisema hivyo hivyo, bila kejeli, akaendelea kufagia. Hilo nalo likanikalia vibaya.

Nimeuliza ameona kopo la pini mara ya mwisho lini. Yaani yeye ndiye aliyeniuliza mimi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika nikiwa nimekaa juu ya kitanda, milango yote imefungwa.

Mwalimu Esau alikuja saa nne, daftari mkononi, nusu ya mtaa nyuma yake. Alianza kwa Lizaan. Sijui alimwambia nini, nilikuwa nikimbandika Jenerali majani mawili yaliyoanguka kwa upepo. Kisha akaja kwetu. Akasimama. Macho yakamtoka. Akasema, "Elroy, hii ni kazi yako?" Nikasema kila jani, Mwalimu. Ouma alikuwa mlangoni, mikono kwenye aproni, na nikaona kitu usoni mwake ambacho sijakiona tangu nilipobatizwa, na siku ile nilikuwa sioni vizuri.

Sikujua Mwalimu huonja. Huchuma jani moja kwa kila mshindani akalitafuna. Ndivyo anavyopima, bustani zote, kila mwaka. Watu wote wanajua. Kwa nini mimi sikujua? Kwa sababu miaka yote mimi hulala mpaka saa tano.

Akachuma. Jani likatoka na pini. Akalitazama, akalipeleka mbali na miwani, akalisogeza karibu. Akachuma la pili. Nalo pini. Akavuta la tatu, akatoka Jenerali mzima, akaning'inia hewani na uzi wake mwekundu, bila mzizi hata mmoja wa kujisitiri.

Mtaa ulikuwa kimya hivi kwamba nilisikia pini ikianguka. Zilianguka nne.

Mwalimu akauliza, "Elroy Kammies, huu ni mche au gauni?"

Nikasema, "Mwalimu, mizizi iko njiani."

Hapo ndipo walipocheka. Fundi wa viatu alilazimika kushikwa. Lizaan naye alicheka, lakini yeye wa kwanza kuacha. Oom Dawid hakucheka. Alisogea, akaokota zile pini moja moja licha ya goti lake, akampelekea Ouma.

Lizaan ndiye bingwa. Nimempigia makofi. Mawili.

Ouma hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Amenifungia nguo zangu mwenyewe, akaweka mikate sita na chupa ya jamu. Akasema, "Miezi mitatu, halafu tutaona." Akasema kule hakuna mtu wa kumdanganya, mbuni hawasikilizi. Halafu akanishonea kifungo kwenye shati la safari. Kwa uzi mnene.

Alhamisi, 23 Oktoba

Shambani kwa mjomba Gert, siku ya nne. Mbuni mia mbili, mimi mmoja, na mjomba ambaye kwa siku anasema maneno kumi, sita yakiwa kwa mbwa.

Kwanza la Oom Dawid. Jumapili pikapu ikiwa imeshawaka alikuja na kitu kwenye gazeti: kijiti cha spekboom kutoka kwenye mti wake mwenyewe. Akasema nikiache kikauke wiki moja, nikipande juani, halafu nisahau kama kipo. Mzee wa watu, ana moyo. Nimekitia kwenye chupa ya maji tangu njiani kisije kikaona kiu.

Sasa la muhimu. Huku ndiko bahati yangu ilikokuwa imelala siku zote.

Kwenye boma la mwisho yuko dume mmoja, mkubwa, mweusi, mzuri kuliko wote, amewekwa peke yake. Siku ya kwanza mjomba alinipa tawi refu la miiba, la kuzuia mateke, akasema nisiingie kwa mbuni yeyote bila hilo. Kuhusu yule dume akasema: ni msimu wa majike, miguu yake ikiwa myekundu kwa mbele, usimsogelee, usimguse.

Nikasubiri kilichobaki. Hakuna. Hawa wazee wamesoma shule moja.

Mtu hafichi ndege mzuri namna ile boma la mwisho bila sababu. Ana kitu yule ndege. Mbio, kwa mfano. Nimeanza kumchunguza. Leo amenifuata kando ya uzio asubuhi nzima, hatua kwa hatua. Miguu imekuwa myekundu kama nyanya, ameona haya bila shaka. Halafu akafanya jambo. Akapiga magoti chini mbele yangu, akatandaza mabawa yote mawili, akaanza kuyumba kushoto na kulia, kichwa kikigonga mgongo, akitoa mngurumo kutoka kifuani.

Vaalpoort nzima hakuna mtu aliyewahi kunipigia magoti.

Nimeshampa cheo. Ni Brigedia. Nitamfundisha kubeba mtu, tutashiriki mbio, na Ouma atatuona tukiingia Vaalpoort kwa mwendo wa kasi, mimi juu.

Kesho asubuhi mjomba anakwenda mjini. Nitaingia bomani mfuko umejaa mahindi. Tawi la miiba nitaliacha nje ya uzio, asije akafikiri simwamini.